Weupe Unaotuziba Macho: Uhakiki wa Picha za Setilaiti za Kilimanjaro na Rwenzori

Utangulizi

Mwezi wa Mei 2020 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake na kuingia katika makazi ya watu wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Hospitali ya Kilembe ilijaa mawe na matope. Nyumba, mashamba na madaraja vilikwenda na maji. Shamba la bibi yangu, lililokuwa na migomba na mibuni michache, liligeuka kuwa uwanja wa mawe. Bibi aliyatazama mawe yale, akainua macho mlimani, akatamka neno moja tu: Nzururu. Katika masimulizi yetu Wakonzo, Nzururu ni theluji iliyo juu ya Rwenzori, na pia ni baba wa mizimu inayotunza uhai wa watu, akiwemo Kitasamba.

Shule zilipofunguliwa tena mwanzoni mwa 2022, mwalimu alitupa insha ya Kiswahili kuhusu mabadiliko ya tabianchi katika wilaya yetu. Niliandika kwamba theluji ya Rwenzori inayeyuka na kwamba maji yake ndiyo yaliyotufurikia. Kama ushahidi nilieleza picha mbili za setilaiti nilizoziona kwenye bango: kushoto, mlima wenye kofia nyeupe pana, kulia, mlima uleule ukiwa na viraka vyeupe vichache. Insha yangu ilisomwa mbele ya wanafunzi wote, nikazawadiwa madaftari sita.

Leo nasoma Kiswahili na Jiografia chuoni, na ninapoikumbuka insha ile naona kwamba ilikosea karibu katika kila hatua. Mlima wa kwenye bango haukuwa Rwenzori bali Kilimanjaro. Weupe uliopungua kati ya picha ya kushoto na ya kulia haukuwa, kwa sehemu kubwa, barafu ya miaka mingi. Na maji yaliyochukua shamba la bibi hayakutoka kwenye barafu.

Makala hii inahakiki picha za namna hiyo pamoja na maneno tunayozifungia. Hoja yangu ni kwamba kosa si la setilaiti bali la usomaji wetu. Tumezoea kuufuata mstari wa weupe, yaani ukingo wa theluji na barafu, na kuuacha mstari wa kijani, yaani mpaka wa juu wa msitu. Katika milima yetu, mstari wa kijani ndio unaowagusa zaidi watu wanaoishi chini.

Picha kama matini

Katika somo la uhakiki tunafundishwa kuiuliza kazi yoyote maswali machache: nani anasimulia, amesimama wapi, anasimulia lini, na ameacha nini nje ya masimulizi. Maswali hayo tunayauliza riwaya na tamthilia, lakini mbele ya picha ya setilaiti tunanyamaza, kana kwamba imejichora yenyewe. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Picha ya setilaiti nayo imeundwa, na anayetaka kuihakiki budi ajue jinsi ilivyoundwa.

Msimulizi mkuu wa habari za milima yetu ni Landsat, mradi wa Marekani ulioanza kwa setilaiti iliyorushwa Julai 1972. Tangu miaka ya 1980 setilaiti zake huigawa ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30, iitwayo pikseli. Kila pikseli hupewa namba kulingana na mwanga unaorudishwa na eneo lote la mita za mraba 900. Ikiwa nusu ya mraba ni barafu na nusu ni mwamba, setilaiti haichori mpaka katikati. Hutoa namba moja ya mchanganyiko, na mtu au programu ndiyo itakayoamua mraba huo uitwe nini.

Namna ya kuamua inajulikana. Theluji hurudisha sehemu kubwa ya mwanga tunaouona kwa macho, lakini hufyonza mwanga wa infraredi ya mawimbi mafupi, ambao macho yetu hayauoni. Mawingu mengi hurudisha aina zote mbili. Kwa kulinganisha aina hizo mbili za mwanga hupatikana kielezo, na kwa desturi kielezo hicho kikivuka 0.4 pikseli huhesabiwa kuwa ya theluji. Kwa mimea hutumika kielezo kingine, kwa sababu majani mabichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi infraredi iliyo karibu na wekundu huo. Ni njia nzuri zilizojaribiwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, kielezo cha kwanza hakitofautishi kwa urahisi theluji iliyoanguka jana na barafu iliyokaa mlimani karne nzima. Kwake vyote ni weupe.

Wakati wa masimulizi nao una uzito wake. Setilaiti moja ya Landsat hurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 16, na hupita kwetu karibu saa nne asubuhi. Siku hiyo mlima ukiwa umejifunika mawingu, nafasi imepotea mpaka zipite siku nyingine 16. Rwenzori hujifunika kwa muda mrefu wa mwaka. Nilipofungua picha zake katika maabara ya kompyuta, nyingi zilikuwa mawingu tu, na kilele kilichokuwa kimejitokeza kilionekana kama kisiwa. Tena, kwa kuwa jua la saa nne liko upande wa mashariki, vivuli vya vilele huangukia magharibi, yaani upande wa Kongo, ambako ndugu zetu Wanande wanaishi. Mlima ni mmoja, lakini upande mmoja husomeka vizuri kuliko mwingine.

Kwa hiyo tunapoonyeshwa picha mbili na kuambiwa “zamani” na “sasa”, kwa kweli tunaonyeshwa asubuhi mbili. Swali la kwanza la mhakiki liwe: ni asubuhi zipi, na kabla yake hali ya hewa ilikuwaje?

Picha mbili za Kilimanjaro

Picha za kwenye bango lile zinajulikana duniani kote. Zilipigwa na Landsat tarehe 17 Februari 1993 na tarehe 21 Februari 2000, zikasambazwa na NASA, shirika la anga la Marekani. Kwa jicho la kawaida zinasema jambo la kutisha: katika miaka saba tu mlima umevuliwa kofia.

Sasa tuziweke kando ya vipimo. Watafiti waliochora ramani za barafu ya Kilimanjaro walikadiria eneo la kilomita za mraba 3.3 hivi mwaka 1989 na 2.6 hivi mwaka 2000. Hapo katika miaka kumi na mmoja imepotea takriban sehemu moja ya tano. Ni hasara kubwa, lakini haifanani na kile ambacho macho hukisoma kwenye picha mbili, ambako karibu weupe wote wa kwanza umetoweka. Tofauti hiyo inaelezeka. Weupe mwingi wa mwaka 1993 ulikuwa theluji iliyoanguka karibuni, ile inayokuja na mvua na kuondoka baada ya siku au majuma machache. Picha zote mbili ni za Februari, jambo linalozifanya zionekane kama ulinganisho wa haki, lakini mwezi kufanana si sawa na hali ya hewa kufanana.

Mtu atauliza: je, barafu ya Kilimanjaro haipungui basi? Inapungua, na sana. Kutoka kilomita za mraba 11.4 hivi mwaka 1912, ilibaki 1.76 mwaka 2011, yaani asilimia 85 ilikuwa imekwisha kutoweka. Ukweli huu una uzito wa kutosha bila kutiwa chumvi. Ndiyo maana nasikitikia picha zile mbili: zilichukua habari ya kweli ya karne nzima na kuifanya kioja cha miaka saba.

Chumvi hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba, mwenendo ukiendelea vilevile, barafu ya Kilimanjaro huenda ingemalizika kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2020 ulipita na barafu bado ipo, imenyong'onyea lakini ipo. Makadirio yale yalikuwa na sharti ndani yake. Yalipofika kwenye mabango na vichwa vya habari, sharti liliachwa njiani, ikabaki tarehe. Tarehe ilipopita, waliokuwa wakitafuta sababu ya kubeza habari yote ya tabianchi wakapewa sababu hiyo bure.

Theluji, barafu na maneno yetu

Hapa wanafunzi wa Kiswahili tuna la kujibu, kwa sababu mkanganyiko wa picha umeingia katika lugha, au pengine lugha ndiyo iliyoufungulia mlango. Kiswahili kina maneno mawili. Theluji, lenye asili ya Kiarabu, ni kitu chepesi kinachoanguka kutoka angani. Barafu ni maji yaliyoganda. Neno barafu lina safari ya kuvutia: katika Kiajemi, barf ni theluji yenyewe, lakini lilipokwisha kukaa pwani yetu likawa jina la kitu kigumu, kile tunachokitia kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo lugha yetu ilikwisha kupata tofauti ambayo kielezo cha setilaiti kinahangaika kuipata. Vitabu vya jiografia vimeongeza la tatu, barafuto, kwa ajili ya barafu ya kudumu inayojikokota polepole kuteremka mlimani.

Pamoja na utajiri huo, katika habari na insha tunaandika “theluji ya Kilimanjaro inayeyuka” kana kwamba maneno matatu ni moja. Kinachohuzunisha wanasayansi si theluji, kwa sababu theluji huja na kuondoka kila msimu, ni barafuto. Anayeandika “theluji imekwisha” anaweza kuaibishwa juma lijalo, mlima utakapoamka mweupe baada ya mvua ya usiku, na msomaji atadhani alidanganywa.

Hata kitenzi “kuyeyuka” kinahitaji kuhakikiwa. Juu kabisa ya Kilimanjaro hewa ni kavu na baridi ni kali. Sehemu kubwa ya barafu inayopotea huko hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupita hali ya maji. Kuyeyuka kupo, lakini si hadithi yote. Tofauti hii si ya wataalamu peke yao. Tukisema barafu yote inayeyuka, msikilizaji hujiuliza papo hapo maji yake yameenda wapi, na jibu lililo karibu ni mto unaopita nyuma ya nyumba yake. Ndivyo nilivyofikiri mimi. Neno moja lilinipeleka kutoka kileleni hadi kwenye shamba la bibi bila kuuliza njia.

Rwenzori: namba na mipaka yake

Turudi nyumbani. Mwaka 1906 msafara wa Mtawala wa Abruzzi, Mwitaliano, ulipanda Rwenzori, na mpigapicha wake Vittorio Sella akaacha picha ambazo hadi leo watafiti huzitumia. Barafu ya wakati huo inakadiriwa kuwa ilichukua kilomita za mraba 6.5 hivi, juu ya milima sita ya safu hii. Kufikia mwisho wa karne ya ishirini ilikuwa imebaki katika milima mitatu tu: Stanley, Speke na Baker.

Mwaka 2006 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo watafiti wa Uganda, walichapisha vipimo vilivyotokana na Landsat: kilomita za mraba 2.01 mwaka 1987 na 0.96 mwaka 2003. Kazi hii naipenda kwa sababu haifichi mipaka yake. Namba ya kwanza imeandikwa pamoja na kosa linalowezekana la 0.56 juu au chini, na ya pili la 0.34. Tukifanya hesabu, mwaka 1987 barafu ilikuwa kati ya 1.45 na 2.57, na mwaka 2003 kati ya 0.62 na 1.30. Kiwango cha juu kabisa cha mwaka 2003 bado ni kidogo kuliko kiwango cha chini kabisa cha mwaka 1987. Maana yake ni kwamba hata tukiwa na shaka kiasi kile ambacho watafiti wenyewe wanacho, kupungua ni kwa kweli. Usomaji wa namna hii ndio ambao picha mbili za bango hazikunifundisha.

Mtu anaweza kushangaa kwa nini kosa liwe kubwa, theluthi nzima ya kilichopimwa. Tukumbuke pikseli. Kilomita za mraba 0.96 ni pikseli 1,067 hivi za Landsat, zilizotawanyika katika vipande vingi vidogo. Kipande kikiwa kidogo, pikseli zake nyingi ziko ukingoni, na ukingoni ndiko kila pikseli ni mchanganyiko wa barafu, mwamba, kivuli na theluji ya jana. Barafu inavyopungua, ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kuipima kwa chombo kilekile. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, hutumia pikseli za mita 10 na zimesaidia, lakini mawingu ya Rwenzori hayajapungua kwa ajili yao.

Sasa lije swali la mto. Kundi hilohilo la watafiti lilipima maji ya mto Mubuku, unaopokea maji ya barafuto hizo upande wa Uganda, likakuta kwamba mchango wa barafu katika maji yanayofika chini ya mlima hauzidi asilimia 2. Mengine yote ni mvua iliyoshikwa na misitu, nyasi na matope ya mabonde ya juu, kisha ikaachiliwa polepole. Na Nyamwamba, mto uliochukua shamba la bibi, hata si mto wa barafuto hizo. Insha yangu iliyopata zawadi ilikuwa imemshitaki asiyekuwapo.

Mstari wa kijani

Ikiwa maji yetu yako mikononi mwa misitu na vichaka vya juu, basi kwa nini bango halikuonyesha msitu? Nafikiri ni kwa sababu weupe juu ya mwamba mweusi huonekana hata na mtoto, lakini kijani kinachogeuka kijani kingine kinahitaji msomaji aliyetulia.

Mwaka 2005 Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Kilimanjaro kwa miaka mingi, aliandika jambo lililopaswa kuwa maarufu kuliko picha zile mbili. Watu wengi hutarajia kwamba dunia ikipata joto mimea itahamia juu, ikifuata ubaridi. Kilimanjaro imetokea kinyume. Mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Sababu ni moto. Hali ya hewa imekuwa kavu zaidi, mioto imekuwa mingi na mikali zaidi, na misitu ya erika iliyokuwa juu kabisa imegeuka vichaka. Misitu ile ilikuwa ikinasa ukungu na kuudondosha ardhini kama maji. Hemp alisema wazi kwamba madhara ya kushuka huko ni makubwa kuliko yale ya kupoteza kofia ya barafu.

Nikifikiria jinsi chombo kinavyofanya kazi, naona hapa upungufu mwingine ambao hausemwi mara nyingi. Chukua mteremko wa nyuzi 30. Pikseli moja ya mita 30 hapo inabeba kupanda kwa mita 17 hivi. Maana yake, miti ikipanda mlima nusu mita kila mwaka, setilaiti itahitaji zaidi ya miaka thelathini kabla mstari haujavuka pikseli moja. Moto, kwa upande mwingine, unaweza kuushusha mstari huohuo mamia ya mita kwa juma moja, na kovu lake jeusi likaonekana katika picha inayofuata. Hivyo chombo hiki ni hodari wa kuona upotevu wa ghafla, lakini ni kizito kuona uponaji wa polepole. Anayesoma picha bila kulijua hilo ataona mlima unaokufa tu, na hataona miche inayochipua ndani ya pikseli. Kwa kazi hiyo hakuna badala ya mtu kupanda kwa miguu na kuhesabu.

Rwenzori nayo imeonja moto. Mwaka 2012 sehemu za juu ziliungua, katika kanda ambayo sisi tuliiona siku zote kuwa na unyevu mno hata isiweze kuwaka. Mei 2013 Nyamwamba ulifurika vibaya. Watafiti waliochunguza mafuriko hayo walitaja sababu kadhaa kwa pamoja: mvua kubwa, miteremko mikali, maporomoko ya ardhi yaliyojaza mawe mtoni, na mimea iliyokuwa imeondolewa na moto na pia na watu. Sidai kwamba moto wa 2012 ndio uliochukua shamba la bibi miaka minane baadaye. Mwaka 2020 mvua ilikuwa kubwa katika Afrika Mashariki karibu yote. Ninachosema ni kwamba katika orodha ya sababu, mstari wa kijani umo, na barafu haimo.

Je, picha mbaya si bora kuliko kimya?

Mwenzangu mmoja wa darasani aliposoma rasimu ya makala hii aliniuliza swali la haki. Alisema kwamba picha zile mbili, hata zikiwa na kasoro, ziliwaamsha watu wengi kuhusu tabianchi kuliko namba zote za Taylor na Hemp. Je, mhakiki hafanyi kazi ya kuwapa silaha wapingaji?

Namjibu kwa mambo mawili. La kwanza, wapingaji walikwisha kupewa silaha na tarehe iliyopita bila kutimia, si na waliosahihisha. La pili ni zito zaidi kwangu. Ukiambiwa adui yako ni theluji inayoyeyuka kwa sababu ya moshi wa viwanda vya mbali, unabaki huna la kufanya ila kulalamika na kungoja. Lalamiko hilo ni la haki, kwani watu wa Kasese hawakuijaza dunia hewa chafu, na hata ukavu unaochochea moto una mkono wa mbali ndani yake. Lakini moto wenyewe huwashwa karibu. Unaweza kuzuiwa, kuonwa mapema na kuzimwa, na kingo za mto zinaweza kuachiwa miti. Picha inayoonyesha barafu peke yake humnyang'anya mwanakijiji sehemu ndogo ya hadithi ambayo iko mikononi mwake.

Hitimisho

Sipendekezi kwamba tuache kuandika kuhusu barafu. UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba barafuto za Afrika zilizo katika maeneo ya urithi wa dunia huenda zikatoweka kufikia 2050, na kwa Mkonzo kutoweka kwa Nzururu si upotevu wa maji tu. Ninapendekeza desturi tatu kwetu tunaoandika na kutafsiri habari hizi kwa Kiswahili. Kwanza, picha isitajwe bila siku yake, na picha mbili zisilinganishwe bila kuuliza kama theluji mpya ilikuwa imeanguka. Pili, theluji iitwe theluji, barafu barafu na barafuto barafuto. Lugha inayo maneno, uvivu ni wetu. Tatu, kila tunapotaja ukingo wa barafu tuutafute na mpaka wa msitu, hata kama hauvutii jicho.

Likizo iliyopita nilikaa na bibi nikamweleza makala hii kwa Kikonzo. Nilimwambia kwamba mafuriko hayakutoka kwa Nzururu. Nilimweleza kuhusu setilaiti, kuhusu msitu unaoshika maji, na kuhusu moto wa mwaka 2012. Hakuonekana kushangaa sana. Aliuliza swali moja tu: “Na huo moto, mjukuu wangu, nani aliuwasha?”

Sikuwa na jibu. Setilaiti ingeweza kunionyesha kovu la moto na ukubwa wake, hata juma ulipozuka. Mkono uliouwasha hauonekani katika pikseli yoyote. Nilimwambia bibi kwamba nitauliza watu wa juu, wale wanaoishi karibu na msitu. Akasema hapo ndipo nilipopaswa kuanzia.